Kufunga kamera ya DSLR kwenye darubini, ukianza na Mwezi

Ukivua lenzi ya kamera ya DSLR na kuichomeka kamera mahali pa lenzi ya jicho, darubini yote inageuka kuwa lenzi. Ile yenye urefu wa fokasi wa milimita 650 inakuwa lenzi ya milimita 650, ile ya 1,200 inakuwa ya 1,200, na mwanga unafika kwenye sensa bila kupitia lenzi ya jicho wala lenzi ya kamera. Kwa anayeanza sina njia nyingine ya kupendekeza. Simu iliyoshikiliwa kwenye lenzi ya jicho itakupa picha ya kurusha status, basi. Kuna pia mtindo wa kuweka kamera nyuma ya lenzi ya jicho ili kukuza zaidi, lakini huo uache mpaka uzoee.

Vifaa vinavyohitajika ni viwili tu, vidogo vya kuenea mfukoni, na kuvifunga ni kazi ya dakika chache. Wengi wanakwama hatua inayofuata: kamera imekaa, Mwezi uko kwenye skrini, unazungusha kinobu cha fokasi mpaka kinagoma, na Mwezi bado ni donge la mwanga lisilo na kingo. Mtu anaanza kudhani kamera ni mbovu au ameuziwa darubini feki. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, zimepungua milimita chache tu. Milimita hizo unaweza kuzipima leo usiku kwa karatasi na rula, kabla hujatoa hela yoyote.

Mfano nitakaotumia ni darubini ya vioo ya aina ya Newton, kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, kwa sababu wanaoanza wengi wana hiyo au ndugu yake, pamoja na Canon EOS 1300D. Ukiwa na nyingine, badilisha tarakimu, mantiki ni ileile.

Pete na pua

Kifaa cha kwanza kinaitwa pete ya T. Upande mmoja una meno yanayoingia kwenye mdomo wa kamera kama lenzi ya kawaida, unazungusha mpaka isikike "tak". Upande wa pili una thredi ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42 na nafasi ya milimita 0.75 kati ya jino na jino. Pete hununuliwa kulingana na kamera: ya Nikon haingii Canon, na ya Canon haingii Nikon. Hata unene wake ni tofauti, milimita 11 kwa Canon ya EF na milimita 8.5 kwa Nikon ya F. Sababu ni kwamba sensa ya Canon imekaa milimita 44 nyuma ya mdomo wa kamera, na ya Nikon milimita 46.5. Jumlisha unene wa pete na kina cha kamera, kote unapata 55. Iweke kichwani hiyo 55, ndiyo itakayoamua mambo.

Jihadhari na jambo moja dukani, hasa maduka ya vifaa vya zamani. Zipo adapta za M42 zilizotengenezwa kwa ajili ya lenzi za enzi za Zenit na Praktica. Kipenyo ni kilekile 42, lakini nafasi ya meno ni milimita 1. Ukiifunga kwenye kifaa cha darubini itaanza vizuri, izunguke kidogo, kisha ikwame. Ukiilazimisha umeharibu thredi zote mbili. Pete sahihi inazunguka kwa vidole tu mpaka mwisho.

Kifaa cha pili ni pua: mrija mfupi wenye thredi ya M42 upande mmoja, na upande mwingine ukubwa wa lenzi ya jicho, ama inchi 1.25 ama inchi 2. Kama darubini yako inapokea inchi 2, chukua ya inchi 2 bila kujiuliza. Inashika vizuri zaidi, na haikati mwanga wa pembeni. Sensa ya kamera kama 1300D ina milimita kama 22 kwa 15, kwa hiyo kutoka pembe hadi pembe ni milimita 27, na pua ya inchi 1.25 inaibana hapo hapo: pembe za picha zitakuwa na giza kidogo. Kwa Mwezi hutaona tofauti. Mwenye kamera ya sensa kubwa, ya milimita 36 kwa 24, asijisumbue kabisa na pua ya inchi 1.25.

Wenye darubini za Schmidt-Cassegrain wana njia yao: nyuma ya darubini kuna thredi pana, na inauzwa adapta inayotoka kwenye thredi hiyo kwenda M42. Wao pia hawana shida ya fokasi nitakayoeleza sasa hivi, kwa sababu kioo kikuu chenyewe ndicho kinachosogea. Waruke mpaka sehemu ya kufunga.

Pima kwa karatasi kabla ya kununua

Subiri usiku wenye Mwezi. Elekeza darubini kwenye Mwezi kwa lenzi ya jicho kama kawaida, uweke katikati. Sasa toa lenzi ya jicho. Kama darubini yako ni ya lenzi na ina kile kioo cha kona kinachopindisha mwanga, kitoe nacho. Zungusha kinobu mpaka mrija wa fokasi uingie ndani kabisa.

Chukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ishike nyuma ya tundu, na uisogeze taratibu kwenda mbele na nyuma. Mahali fulani utaona Mwezi mdogo mkali ukitua kwenye karatasi. Kwa darubini ya milimita 650 utakuwa na upana wa kama milimita 6, maana ukigawa urefu wa fokasi kwa 110 unapata takriban ukubwa wa Mwezi kwenye sensa. Mwambie mwenzako akushikie rula, apime kutoka ukingo wa mrija wa fokasi, pale ambapo bega la pua (ukingo wake mpana unaoizuia isiingie zaidi) litakaa, hadi kwenye karatasi.

Namba hiyo ikiwa zaidi ya 55 jumlisha unene wa bega la pua, kamera yako itafika kwenye fokasi. Ikiwa pungufu, haitafika hata ukiomba dua. Darubini nyingi za Newton za bei nafuu zinatoa pungufu, kwa sababu zilibuniwa kwa jicho, na lenzi ya jicho haihitaji milimita 55 za nafasi. Darubini za lenzi zina tatizo la upande wa pili: ukishatoa kioo cha kona, picha inatua mbali sana nyuma, pengine sentimita kumi au zaidi, na mrija wa fokasi hautoki vya kutosha kuifuata. Hizo dawa yake ni rahisi, mrija wa kurefusha unaochomekwa kabla ya pua.

Usijaribu kipimo hiki kwa mnara wa simu wa mtaa wa pili mchana. Kitu kilicho karibu kinatua nyuma zaidi kuliko Mwezi, kwa hiyo utapata namba ya kukufurahisha bure.

Ikipungua

Dawa ninayoipenda kwa anayeanza ni Barlow ya mara mbili. Hii ni lenzi ndogo inayokaa kati ya darubini na kamera, inakuza picha mara mbili na wakati huohuo inaisukuma fokasi nje. Ile 650 inakuwa kama 1,300, na Mwezi wa milimita 6 unakuwa wa milimita 12, unaoenea kwenye sensa yenye kimo cha milimita 15 na nafasi ndogo ya pembeni. Kwa Mwezi huo ni ukubwa mzuri kweli. Nunua Barlow ambayo kichwa chake kinafunguka na kuacha thredi ya M42, maana hapo pete ya T inafungwa juu yake moja kwa moja na pua huihitaji tena. Ile Barlow ya plastiki inayokuja bure kwenye boksi la darubini ya watoto iache kwenye boksi lake.

Gharama yake ni mwanga: unaopungua mara nne, kutoka f/5 kwenda f/10 (namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo). Mwezi una mwanga wa kumwaga, kwa hiyo haidhuru. Kwa nebula, yale mawingu hafifu ya gesi angani, inadhuru sana.

Kabla ya kununua Barlow, angalia kwanza mrija wako wa fokasi. Baadhi ya darubini zina thredi ya M42 iliyojificha chini ya kile kishikio cha lenzi ya jicho. Ukikifungua kishikio, pete ya T inaingia hapo na unaokoa sentimita kadhaa. Wapo pia wanaofungua darubini na kusogeza kioo kikuu mbele kwa skrubu ndefu zaidi. Inafanya kazi, lakini baada ya hapo lazima upange vioo upya, na kile kioo kidogo cha mbele kinaweza kisitoshe kukusanya mwanga wote. Sikushauri uanze na hiyo.

Kufunga

Fanya hatua tatu za kwanza ndani ya nyumba kwenye taa. Gizani utaangusha kitu.

1. Funga pua, au Barlow, kwenye pete ya T kwa vidole mpaka ikaze. Kwenye ukingo wa pete nyingi kuna skrubu tatu ndogo sana: ukizilegeza, sehemu ya ndani inazunguka peke yake, na hapo ndipo unapoweza kuinyoosha kamera ikiwa imekaa upande. Zikaze tena. Zikibaki zimelegea, kamera itakuwa inazunguka pole pole yenyewe na hutaelewa kwa nini.

2. Zima kamera, ielekeze mdomo chini, vua lenzi na uvalishe pete palepale. Mdomo ukiangalia juu, vumbi linaingia na kutua kwenye sensa, na utaliona kama madoa kwenye kila picha.

3. Vaa mkanda wa kamera. Ndiyo, ule mkanda ambao wengi huuacha nyumbani.

4. Nje, hakikisha darubini imefungwa isizunguke. Ingiza pua kwenye mrija wa fokasi mpaka bega liguse, na uendelee kuishika kamera kwa mkono mmoja huku wa pili ukikaza skrubu za pembeni. Kamera ya aina hii ina uzito wa karibu nusu kilo, na skrubu moja ya plastiki si ya kuaminika. Pitisha mkanda kwenye mwili wa darubini au kwenye pete zake, ili skrubu ikilegea kamera ining'inie badala ya kuanguka.

5. Rudisha mizani. Uzito mpya nyuma unafanya darubini ipinduke. Kwenye stendi yenye pete mbili, legeza pete na uisogeze darubini mpaka itulie ukiiachia. Ile ya boksi inayokaa chini, ya aina ya Dobson, funga kimfuko cha mchanga upande mwepesi.

Angalia pia mrija wa fokasi darubini ikielekea juu. Kwenye darubini za bei nafuu uzito wa kamera unauvuta mrija uteleze nje taratibu, na fokasi inapotea huku hujagusa kitu. Chini ya mrija huwa kuna skrubu ya kuufunga. Ikaze kiasi, kinobu kiwe kizito lakini kizunguke.

Kamera uiambie nini

Kamera haijui kama kuna lenzi, itakuonyesha f/00 au alama ya kukosa lenzi. Weka M, hali ya kupanga kila kitu mwenyewe. Nikon ndogo zitagoma kabisa kupiga kwenye hali nyingine yoyote, na Canon hata zikikubali hazitakusaidia kitu. Weka RAW, yaani faili ghafi la kamera, au RAW na JPEG pamoja kama kadi ina nafasi. Mizani ya weupe (white balance) iweke kwenye jua la mchana: Mwezi unaakisi Jua, kwa hiyo rangi itakaa sawa.

Kwa tarakimu za kuanzia, wapiga picha wana kanuni ya zamani: Mwezi mpevu, f/11, ISO 100 (ISO ni hisi ya sensa kwa mwanga), sekunde 1/100. Ukiwa na Barlow uko f/10, kwa hiyo tumia hivyohivyo. Mwezi wa nusu una mwanga hafifu kuliko unavyofikiri, panda hadi ISO 400 kwa 1/100 ileile. Mwezi mwembamba wa siku tatu nne, ISO 800. Bila Barlow, f/5, gawa muda kwa nne. Piga moja, ikuze kwenye skrini, angalia sehemu nyeupe kabisa za Mwezi: zikiwa zimeungua hazina kitu ndani, punguza. Ni afadhali picha iwe na giza kidogo, ile RAW itakubali kuinuliwa baadaye.

Usishuke chini ya 1/30 kama stendi yako haina mota. Anga linapita kwa kasi ya sekunde 15 za nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600) kila sekunde moja ya saa, na kwa milimita 1,300 kwenye sensa ya 1300D hiyo ni kama pikseli 22 kwa sekunde. Kwa 1/30 haifiki hata pikseli moja. Kwa sekunde nzima umepata mswaki.

Shata usiibonyeze kwa kidole. Tumia rimoti, au saa ya kujipiga ya kamera. Sekunde 2 hazitoshi kwenye tripodi nyembamba. Gonga darubini kidogo, tazama Mwezi uliokuzwa kwenye skrini, hesabu mpaka uache kutikisika. Ukihesabu mpaka tano, weka saa ya sekunde 10. Kupiga huku ukitazama kwenye skrini badala ya tundu la kutazamia kunasaidia pia, maana kile kioo cha ndani ya kamera kinakuwa kimeshainuka, na teke lake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Fokasi, na usiwe na haraka

Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini na uikuze mara kumi. Sogeza mpaka kwenye ule mpaka wa mwanga na giza, ambapo vivuli vya mashimo vimenyooka. Hapo ndipo fokasi inaonekana. Katikati ya Mwezi mpevu hakuna cha kushika.

Zungusha kinobu kwa ncha za vidole viwili. Picha itatikisika kila ukigusa, kwa hiyo gusa, achia, subiri itulie, tazama. Pita kabisa kwenye ukali mpaka uanze kuharibika, kisha rudi, kisha pita tena upande wa pili, ukipunguza mwendo kila safari. Ukikaribia, utaona picha inacheza kama inayotazamwa kupitia mvuke wa chai. Hiyo ni hewa, haitibiki kwa kinobu. Subiri sekunde hewa itulie, uone kama vishimo vidogo ndani ya shimo kubwa la Clavius vinatokeza. Clavius ina upana wa zaidi ya kilomita 200 na iko kusini mwa Mwezi. Vishimo vyake vikionekana kwenye skrini, funga skrubu ya mrija, kisha tazama tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huihamisha fokasi kidogo.

Kwa nyota kuna ujanja mwingine, kinyago cha Bahtinov. Ni karatasi ngumu iliyokatwa mistari ya pande tatu na kufunika mdomo wa darubini. Elekeza kwenye nyota kali kama Sirius, au Suheli, ile ambayo ramani za anga huiita Canopus. Nyota itatoa miale mitatu, miwili ikipishana kama X na mmoja ukipita katikati. Ule wa kati ukikaa katikati kamili ya X, umefika. Unaweza kuchapisha mchoro wake na kukata mwenyewe kwa wembe. Ukimaliza kitoe, wengi hukisahau na kupiga usiku mzima nyota zenye misalaba.

Usiku wenyewe

Kwa Mwezi hauhitaji kukimbia taa za mji. Katikati ya Kariakoo au Eastleigh panafaa tu, ila usipige kuvukia juu ya mapaa ya mabati na zege lililopikwa na jua mchana kutwa. Joto linapanda mpaka saa nne usiku na picha inachemka. Ukipata uwanja wenye nyasi, umepata. Toa darubini nje mapema, ikae nusu saa au zaidi vioo vipoe na kulingana na hewa.

Chagua siku kwa kalenda ya Kiislamu, hakuna app inayoishinda kwa wepesi. Mwezi wa tarehe 7 hadi 10 uko juu mapema jioni na una vivuli virefu. Tarehe 14 unang'aa sana lakini umelala bapa, milima yote imefutika. Na kwa sisi tulio karibu na ikweta Mwezi mara nyingi unapita karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni chache kuliko wanayopenyeza watu wa Ulaya. Ubaya wake ni shingo, na tripodi ambayo kamera inagonga mguu wake darubini ikisimama wima. Pisha saa moja, Mwezi uteremke kidogo.

Bila mota, uweke Mwezi kwenye ukingo wa fremu upande unaotokea, uachie, subiri utulie, na upige ukiwa unapita. Kwa milimita 1,300 una kama dakika mbili kabla hujasogeza tena. Piga nyingi, hata mia moja. Hewa inacheza, na kati ya hizo zipo chache zilizobahatika.

Jua

Kamera na darubini haviangalii Jua bila chujio maalumu la Jua lililofungwa mbele ya mdomo wa darubini, likakazwa lisipeperuke. Si nyuma, si lile dogo la kufunga kwenye lenzi ya jicho, ambalo linaweza kupasuka kwa joto. Si filamu ya eksrei wala miwani ya welder. Funika pia ile darubini ndogo ya kulengea. Sensa inaungua kwa muda mfupi, na jicho kwa muda mfupi zaidi. Naliweka hapa mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote kwenye ukanda unaopita kusini mwa Hispania, Luxor na Makka, na sehemu ya Afrika Mashariki italiona likiwa limemegwa. Watu watatoa darubini stoo siku hiyo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya Mwezi

Sayari kwanza zitakuvunja moyo. Mshtarii kwa milimita 1,300 una upana wa kama pikseli 65 kwenye picha yenye pikseli zaidi ya 5,000. Utaona duara dogo, pengine mistari miwili, na ile miezi yake minne ukiongeza muda. Zohali na pete zake ni ndogo pia. Kwa sayari kubwa ni bora kupiga video kuliko picha, kisha programu ichague fremu nzuri.

Nebula na makundi ya nyota yanataka stendi ya ikweta yenye mota, ile inayozungusha darubini kwenye mhimili mmoja kufuata anga, na hapa sisi tuna kero ambayo miongozo ya Ulaya na Marekani haiitaji. Wao wanaambiwa elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma nyota hiyo haionekani. Iko chini ya upeo. Mhimili wetu unaelekea kusini, kwa pembe ndogo sawa na latitudo ya mahali: karibu nyuzi 7 Dar, 4 Mombasa, kama moja tu Nairobi. Stendi nyingi ndogo zilitengenezwa kwa nyuzi 30, 40, 50. Ukiteremsha ya kwako mpaka chini, skrubu inagota au fimbo ya uzito inagonga mguu wa tripodi.

Njia ya mkato ni kuinamisha tripodi yenyewe. Geuza mguu mmoja uelekee kusini na uufupishe, mhimili utashuka nyuzi kadhaa zaidi. Stendi si lazima iwe sawa na pima maji. Kinachohesabiwa ni mhimili tu. Ila weka jiwe au ndoo ya mchanga kwenye miguu ya kaskazini, kwa sababu uzito wote sasa unaegemea kusini. Pembe ipime kwa simu iliyolazwa kwenye mhimili, na kusini kwa dira ukiwa umesimama mbali na chuma cha stendi. Kwenye rimoti ya mota badilisha N iwe S. Ikibaki N, mota itakimbiza nyota kinyume, na utaona kwenye picha ya kwanza mistari mirefu maradufu.

Hapo, bila Barlow kama fokasi inafika, jaribu nebula ya Orion kati ya Desemba na Machi. Orodha za anga huiita M42, namba ambayo haina uhusiano wowote na thredi ya pete. Sekunde 20 hadi 30, ISO 1600, picha arobaini hamsini. Kilimia nacho kinajaa fremu ya milimita 650 vizuri. Mei na Juni geukia kusini, kundi kubwa la nyota la Omega Centauri liko juu vya kutosha, wakati wenzetu wa London hawalioni milele. Huku ndiko unakohitaji giza la kweli, Mwezi haupo, na taa za mji umeziacha nyuma.

Picha za Mwezi zipitishe kwenye AutoStakkert, za nebula kwenye Siril au DeepSkyStacker, zote ni za bure. Kazi yao ni kupanga picha nyingi juu ya nyingine ili chengachenga zipungue. Kwa nebula piga pia picha kama ishirini ukiwa umefunika mdomo wa darubini, kwa muda na ISO ileile, programu itazitumia kuondoa kelele za sensa. Kwenye kunoa, shika mkono. Mwezi ulionolewa kupita kiasi unapata mstari mweupe kuzunguka kila shimo, na hakuna programu itakayoutoa.

Wa pwani wana jambo moja la ziada. Umande wa Dar, Unguja na Mombasa unalowesha kila kitu ifikapo saa sita, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi ikiwa na unyevu inaota kuvu ndani ya wiki chache. Ukirudi ndani usifunge vifuniko papo hapo. Acha darubini na kamera zikauke kwenye chumba chenye feni, kisha ziweke kwenye dumu au boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.